Tusinunue injini ya mtumba kabla ya kupima tuliyonayo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenzangu wenye malori wa Mtwara na Lindi kuhusu uamuzi unaotugharimu fedha nyingi, nao ni uamuzi wa ama kuifanyia ovahoo (yaani kuifungua na kuijenga upya) injini ya dizeli iliyochoka, ama kuitoa kabisa na kufunga nyingine ya mtumba. Nilifanya kazi ya ufundi wa injini za dizeli kwa miaka mingi kabla ya kununua lori langu mwenyewe, na sasa nabeba korosho na ufuta misimu inapofika, na saruji au jasi ya Kilwa katika miezi iliyobaki. Kwa hiyo nalijua jambo hili kwa upande wa anayeshika spana na kwa upande wa anayelipa.

Ninalotaka kusema ni hili: mwenye lori asiamue kununua injini nyingine, wala asiamue kuijenga upya ya zamani, kabla injini aliyonayo haijachunguzwa, ikafunguliwa na kupimwa kwa vipimo halisi. Sisi watu wa kusini tunajua maana ya kupima. Hakuna korosho inayoingia mnadani bila kuchukuliwa sampuli, ikapimwa unyevu na kupasuliwa ili ijulikane ina kokwa safi kiasi gani, na mkulima ambaye mzigo wake umeshushwa daraja ana haki ya kuuliza kipimo kilisema nini. Lakini mtu huyohuyo, akiwa na lori, anakubali kuambiwa kwamba injini yake imekufa na fundi ambaye ameisikiliza tu ikinguruma, kisha anapeleka fedha kwa muuzaji asiyemfahamu ili anunue injini ambayo nayo hakuna aliyeifungua.

Mambo huwa hivi. Mwezi wa Oktoba minada ya korosho inaanza, vyama vya msingi vinatafuta magari ya kutoa mzigo vijijini na kuupeleka kwenye maghala makuu, na kila siku ambayo lori limesimama ni kazi inayokwenda kwa mwingine. Lori ambalo tangu msimu wa ufuta limekuwa likiongezwa oili kila safari, na likipanda kwenda Newala kwa gia ya chini kuliko lilivyozoea, linaanza kutoa moshi mzito. Mwenyewe anapiga simu Dar es Salaam, kwa wauza injini za mtumba wa Gerezani au Shaurimoyo, anatajiwa bei, anatuma fedha, injini inapakiwa na kusafirishwa zaidi ya kilomita 500 kuja kusini, na wiki haijaisha imeshafungwa. Hakuna aliyeuliza ile ya kwanza ilikuwa na ugonjwa gani. Nimeona injini zilizonunuliwa kwa namna hii zikidumu kwa miaka, na nimeona nyingine ambazo hazikumaliza msimu. Katika zile ambazo hazikumaliza, kasoro iliyoziua kwa kawaida ilikuwa ni ya kuonekana kabla ya malipo, kama sampu (bakuli la oili lililo chini ya injini) na mfuniko wa vali vingefunguliwa.

Nianze na dalili, kwa kuwa ndizo zinazotupotosha kwanza. Moshi wa bluu maana yake oili inaungua, lakini oili inaweza kufika kwenye chumba cha moto kwa njia zaidi ya moja: kupitia ringi (pete za pistoni) na slivu (bomba la chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka) zilizolika, kupitia vali ambazo sili zake zimekauka, au kupitia tabo (feni inayosukuma hewa kwenye injini) ambayo shafti yake imelegea na inamwaga oili kwenye njia ya hewa. Tabo inabadilishwa bila kugusa hata pistoni moja. Moshi mweusi ni dizeli isiyopata hewa ya kutosha, na mara nyingi sababu yake ni eakilina (kichujio cha hewa) iliyoziba, bomba la hewa ya tabo lililopasuka au nozeli (vinyunyizio vya dizeli) zinazodondosha dizeli badala ya kuinyunyiza. Moshi mweupe wakati injini imeshapata joto lake unaweza kuwa maji yanayoingia kwenye silinda, lakini pia unaweza kuwa dizeli ambayo haikuungua kwa sababu pampu imechelewa kusukuma au mgandamizo wa hewa ndani ya silinda umepungua. Oili iliyochanganyika na maji nayo si hukumu ya kifo, kwa maana maji hayo yanaweza kuwa yamepita kwenye gasketi ya silinda hedi (kichwa cha injini), kwenye slivu iliyotoboka, au kwenye kipozea oili tu, ambacho hutolewa na kubadilishwa injini ikiwa mahali pake.

Mlio wa kugonga huwatia watu hofu kuliko vyote, na ni haki, kwa sababu beringi ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) iliyolegea ikiachwa huvunja kila kitu. Hata hivyo nozeli mbovu hugonga kwa sauti inayofanana sana na ya beringi. Katika injini za pampu ya zamani fundi hulegeza bomba la nozeli moja baada ya jingine, injini ikinguruma polepole, hadi aijue silinda inayogonga, kisha hubadilishana nozeli ya silinda hiyo na ya jirani yake, na mlio ukihama pamoja na nozeli anajua kwamba konrodi haina kosa. Naonya kwamba kazi hiyo isifanywe kabisa kwenye injini za kisasa za komoni reli, ambazo nozeli zote hulishwa na bomba moja la presha kubwa, kwa sababu presha ya dizeli kwenye mabomba yake inaweza kupenya ngozi ya mtu na kumjeruhi vibaya. Hizo zinahitaji kompyuta ya uchunguzi na mtu anayejua kuisoma.

Dalili ninayoiamini zaidi ni ya gesi inayoshuka kwenye sampu. Injini ikiwa ya moto na ikinguruma polepole, legeza mfuniko wa kujazia oili. Kama hewa inausukuma kwa nguvu na moshi unatoka kwa mapigo, basi gesi ya moto inapita pembeni mwa pistoni. Hata hapo kuna tahadhari, maana kompresa ya breki za upepo iliyochoka nayo inaweza kusukuma hewa kwenye sampu, na hivyo ni vizuri kuitenga kwanza. Baada ya hapo upimwe mgandamizo wa kila silinda, betri ikiwa na nguvu na injini ikiwa na joto, na matokeo yaandikwe kwenye karatasi yakilinganishwa na kitabu cha injini hiyo. Kanuni inayotumika sana ni kwamba tofauti kati ya silinda moja na nyingine isizidi takriban asilimia 10. Kwa injini ya silinda sita, silinda moja ikiwa chini wakati tano nyingine ziko sawa, hiyo ni habari ya vali, ya nozeli iliyoosha ukuta wa silinda kwa dizeli, au ya pistoni moja. Zote sita zikiwa chini ndipo tunaweza kusema injini imechoka kwa maana halisi ya neno hilo.

Uchunguzi huo ukishathibitisha kwamba ndani kumelika, injini ifunguliwe, na hapa ndipo swali la kujenga au kubadilisha linapopata jibu. Vitu viwili ndivyo vinavyoamua, bloku (mwili wa injini) na krenki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni), kwa sababu ndivyo vyenye gharama kubwa na ndivyo visivyobadilishwa katika ovahoo ya kawaida. Pistoni, ringi, beringi, gasketi na vali ni vitu vya kununua dukani. Slivu nazo ni vya kununua, na katika injini nyingi za malori makubwa, Scania za lita 11 na lita 12 zikiwa miongoni mwake, slivu ni zile zinazoguswa na maji moja kwa moja upande wa nje, ambazo huchomolewa na kuwekwa mpya bila bloku kuchongwa na mara nyingi bila injini kushushwa kwenye chesisi. Malori kadhaa ya Kijapani ya ukubwa wa kati yana slivu kavu zinazobanwa ndani ya bloku, na hizo zinahitaji mashine na mkono uliozoea, jambo linaloongeza gharama na muda.

Krenki hupimwa kwa maikromita kwenye kila shingo, tena pande mbili za shingo hiyo, kwa sababu ikilika haiwi duara. Kama imelika au imechubuka huchongwa na kufungiwa beringi nene zaidi, na beringi hizo kwa kawaida huja kwa hatua za milimita 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00, ingawa si kila mtengenezaji anaruhusu hatua zote. Krenki ambayo haijawahi kuchongwa ina maisha mengine mbele yake. Krenki ambayo imeshafika hatua ya mwisho, au imepinda, au imebadilika rangi kwa joto baada ya kukosa oili, haina pa kwenda. Kwenye bloku tunatazama nyufa, usawa wa uso wa juu, mstari wa viti vya beringi za krenki, na mahali slivu zinapokaa, ambapo chuma kikiliwa na kutu slivu mpya haitakaa kwa kimo kinachotakiwa. Slivu za maji hutakiwa kuchomoza juu ya bloku kwa kiasi kidogo kilichoandikwa kwenye kitabu, na kama moja ikiwa chini ya wenzake gasketi mpya itaungua hata kama fundi ameikaza kwa uangalifu wote. Silinda hedi ipelekwe ikapimwe nyufa kwa presha na kusawazishwa uso wake. Kazi yote hiyo ya kupima inaweza kukamilika kwa siku chache, na gharama yake ni ndogo sana ukiilinganisha na bei ya injini.

Nafahamu kwamba wapo watakaosema ovahoo wameijaribu na haikudumu. Siwakatalii, ila nataka waulize walifanyiwa ovahoo gani. Kuna desturi katika gereji zetu ya kubadilisha ringi na beringi peke yake, slivu za zamani zikiachwa, krenki ikipigwa msasa kwa mkono na silinda hedi ikifutwa tu na kurudishwa, kisha kazi hiyo inaitwa ovahoo. Slivu iliyolika haiko sawa kutoka juu hadi chini, kwa kuwa hulika zaidi karibu na juu pale ringi inapogeukia, na mara nyingi ukuta wake umekuwa laini unaong'aa. Ringi mpya kwenye ukuta wa namna hiyo haiwezi kukaa, na baada ya miezi michache oili inarudi kuliwa kama mwanzo. Mwenye gari analaumu ovahoo, na safari inayofuata anakimbilia injini ya mtumba. Naomba tuelewane kwamba hiyo haikuwa ovahoo. Ovahoo ya kweli ina karatasi ya vipimo kabla na baada, ina slivu na pistoni mpya za seti moja, ina bolti mpya pale ambapo mtengenezaji amesema zisirudiwe, na inakazwa kwa spana yenye kipimo, kwa mpangilio na kiasi kilichoandikwa. Ina pia nozeli zilizopelekwa kwenye mashine ya kupimia, maana nozeli inayodondosha itaosha oili kwenye slivu mpya na kuimaliza kazi yote ndani ya muda mfupi.

Sasa niseme kwa haki upande wa pili. Kuna wakati kubadilisha injini ndiyo njia sahihi, na fundi anayekataa jambo hilo kwa sababu ya kupenda kazi yake anamwumiza mteja. Konrodi ikitoka na kutoboa bloku, bloku ikipasuka, krenki ikiwa imefika mwisho na mpya haipatikani, au vipuri vya injini hiyo vikiwa vimeadimika kiasi cha kuagizwa kimoja kimoja, basi usitupe fedha kwenye kujenga. Lakini hata hapo, sharti la kwanza ni kutafuta injini ya aina ileile. Mtu akitaka kutoka kwenye aina moja kwenda nyingine kwa sababu ameambiwa hiyo ya pili ina nguvu zaidi, ajue kwamba anabadilisha pia viti vya injini, flaiwili na klachi, nyumba ya klachi inayoungana na giaboksi, huenda urefu wa propela, bomba la ekzosi, na ukubwa wa rejeta. Kama injini inaendeshwa kwa kompyuta, nyaya zake na kompyuta yake vinatakiwa kuja pamoja nayo na kuafikiana na gari. Nimeona malori yaliyokaa gereji muda mrefu kuliko ovahoo yoyote, si kwa sababu injini ilikuwa mbovu, bali kwa sababu kila siku kilikosekana kitu kimoja cha kuunganisha.

Anayenunua injini ya mtumba asikubali kuinunua ikiwa imefungwa na kupakwa rangi. Aombe sampu ishushwe atazame kama kuna vipande vya chuma au maji, kofia moja au mbili za beringi zifunguliwe, mfuniko wa vali utolewe, na krenki izungushwe kwa mkono mzunguko kamili. Namba iliyopigwa kwenye bloku isomeke na isiwe imesuguliwa. Kama muuzaji anaweza kuiwasha, iwashwe ikiwa baridi kabisa, maana injini iliyokwisha kupashwa moto huficha shida yake ya kuwaka. Makubaliano ya kurudisha yaandikwe, yakitaja siku na yakitaja nani analipa usafiri wa kuirudisha, kwa sababu kwa sisi wa Nachingwea, Liwale au Tandahimba usafiri huo peke yake ni fedha ya kuhesabika. Muuzaji anayekataa mambo haya yote mimi simnunulii, hata bei yake iwe nzuri vipi.

Lipo jambo ambalo naliona ni kubwa kuliko yote niliyoyataja, nalo ni kwamba injini mpya, iwe imejengwa au imenunuliwa, inarithi gari lilelile. Inarithi rejeta ileile iliyoziba, eakilina ileile yenye mpira uliopasuka, tangi lilelile lenye maji na uchafu chini, na dereva aliyefundishwa kuongeza maji ya kisima. Kilichoiua ya kwanza kinaisubiri ya pili. Katika mikoa yetu wauaji wakubwa wawili ni maji na vumbi, na vyote viwili vinatokana na mahali tunapoishi.

Pwani yetu, kuanzia Kilwa hadi Mtwara, imekaa juu ya mawe ya chokaa na matumbawe, na visima vingi vina maji magumu au yenye chumvi. Maji hayo yakiingia kwenye rejeta huacha magaga (ukoko mgumu wa chokaa) ndani ya njia za kupozea, joto likashindwa kutoka, na chumvi yake huharakisha kutu. Kwa injini zenye slivu za maji kuna hatari nyingine ambayo watu wengi hawaisikii ikitajwa. Pistoni inapopiga ukuta wa slivu, slivu hutikisika, na mtikisiko huo hutengeneza viputo vidogo kwenye maji yaliyo upande wa nje. Viputo vikipasuka juu ya chuma hukichimba kidogo kidogo, vishimo vinakuwa vingi na virefu, hadi siku moja slivu inatoboka kutoka nje kwenda ndani na maji yanaingia kwenye oili. Kinachozuia hali hiyo ni kulanti (kimiminika cha kupozea injini) yenye dawa yake kwa kiwango kilichoandikwa na mtengenezaji, ikichanganywa na maji safi yasiyo na chumvi, na kubadilishwa kwa wakati wake. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri ni bora mara nyingi kuliko ya kisima. Fundi anapochomoa slivu, mwenye gari aombe kuziona upande wa nje, kwa kuwa vishimo hivyo huonekana wazi na humweleza historia ya gari lake bila kumhitaji shahidi.

Vumbi nalo linajulikana na kila anayekwenda Liwale wakati wa kiangazi au anayeingia vijijini kuchukua korosho kwenye barabara za mchanga. Mchanga ni mgumu kuliko chuma cha slivu na ringi, na kiasi kidogo sana kikipita kwa muda mrefu kinatosha kumaliza seti nzima. Mara nyingi eakilina yenyewe ni nzima, ila bomba linalotoka kwenye eakilina kwenda kwenye tabo limepasuka au kleipu yake imelegea, na injini inavuta hewa isiyochujwa kupitia hapo. Utingo anayepuliza eakilina kwa upepo mkali wa kompresa akiisogeza pua ya bomba karibu mno huitoboa karatasi yake, na tundu hilo halionekani kwa macho mpaka uweke taa ndani yake gizani. Kabla ya kufunga injini yoyote mpya, njia nzima ya hewa ikaguliwe, rejeta ifunguliwe na kusafishwa au kubadilishwa, themostati (vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate joto) iwe mpya na iwepo kweli, kwa sababu desturi ya kuitoa kabisa eti gari lipoe inafanya injini iendeshwe baridi, ilike zaidi na kula dizeli zaidi.

Hapa nataka niseme neno kwa ajili ya madereva. Injini ikifa, mtu wa kwanza kulaumiwa ni dereva, na nawafahamu waliokatwa mshahara kwa miezi au kufukuzwa kabisa kwa kosa la kuua injini. Wapo madereva wazembe, sikatai, na anayeendelea na safari huku mshale wa joto umepita mahali pake anastahili kuwajibika. Lakini dereva hawezi kubebeshwa slivu zilizochimbwa kwa miaka na maji ambayo mwenye gari alikataa kuyanunulia kulanti, wala ringi zilizosagwa na mchanga uliopita kwenye bomba ambalo aliliripoti na hakuna aliyelishughulikia. Injini ikifunguliwa na kupimwa mbele ya wote wawili, chuma kinaonyesha kama kimekufa kwa joto la ghafla, kwa kukosa oili au kwa kulika kwa muda mrefu. Naona ni dhuluma kumkata mtu riziki yake kabla ya uchunguzi huo, na ningefurahi kuona vyama vya madereva vikilidai jambo hili kwenye mikataba.

Kuhusu fedha, sitataja bei kwa kuwa zinabadilika, lakini naweza kueleza namna ya kupiga hesabu. Tuchukulie lori linalobakiza shilingi 300,000 kwa siku ya kazi baada ya mafuta na posho, na tuseme ovahoo kamili, pamoja na kupeleka krenki na silinda hedi Dar es Salaam na kuvirudisha, itachukua siku 20, wakati kubadilisha injini kutachukua siku 5. Tofauti ya siku 15 ni shilingi 4,500,000, na kiasi hicho kinaongezwa kwenye gharama ya ovahoo kama ni katikati ya msimu. Hesabu hiyo ndiyo inayowasukuma wengi kununua injini mwezi wa Oktoba, na kwa mwezi huo wana hoja. Ila hesabu hiyohiyo ikifanywa mwezi wa Februari au Machi, korosho zimekwisha, ufuta bado, mvua zinanyesha na lori linasimama siku nyingi hata likiwa zima, ile tofauti inapungua sana au inatoweka. Kwa hiyo wakati wa kupima mgandamizo ni msimu unapomalizika, wakati mwenye gari bado ana fedha za msimu mkononi. Na wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari: lori lenye daftari la oili iliyoongezwa kila safari hutoa taarifa miezi mingi kabla ya moshi kuonekana.

Baada ya kujengwa, injini ilindwe katika siku zake za kwanza. Oili isukumwe kwenye njia zake kabla ya kuwashwa mara ya kwanza, isiachwe ikinguruma kwa masaa bila mzigo kwa imani kwamba inazoea, bali ipewe mzigo wa wastani ili ringi zikae, na oili ya kwanza pamoja na filta yake ibadilishwe mapema kuliko kawaida.

Kwa anayebadilisha injini, asisahau kwamba kadi ya gari ina namba ya injini. Mabadiliko yapelekwe Mamlaka ya Mapato Tanzania na risiti ya manunuzi ihifadhiwe, la sivyo siku ya kuuza lori, kudai bima au kukaguliwa barabarani, namba mbili zisizolingana zitamweka mahali pagumu.

Mwisho nina maombi kwa wenye mamlaka. Vyuo vya ufundi stadi vya VETA vya Mtwara na Lindi vinafundisha ufundi wa magari, na SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, ina ofisi katika mikoa yetu yote miwili. Naomba taasisi hizi zifikirie kuanzisha huduma ya kupima injini kwa malipo, yaani kupima mgandamizo, slivu, krenki na uso wa bloku, na kumpa mwenye gari karatasi yenye vipimo na muhuri, bila kufanya matengenezo yenyewe, ili anayepima asiwe yuleyule anayefaidika na majibu. Wanafunzi watapata injini halisi za kujifunzia. Vyama vikuu vya ushirika kama TANECU, MAMCU, RUNALI na Lindi Mwambao, ambavyo kila msimu vinategemea malori yetu, vinaweza kusaidia kwa kuwatangazia wasafirishaji huduma hiyo mapema, kuanzia mwezi wa Februari. Mimi niko tayari kulipeleka lori langu liwe la kwanza kupimwa, na vipimo vyake vibandikwe ubaoni kila mtu avisome.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Fundi na mmiliki wa lori,
Masasi, Mtwara.